Kusoma lugha ya kigeni chuo kikuu: saa, vyeti na kazi

Kabla ya kujaza fomu ya kuomba chuo, piga hesabu. Kozi ya lugha ya kigeni katika vyuo vyetu vingi hupewa saa nne hivi za darasani kwa wiki. Muhula una wiki kama 15, kwa hiyo kozi moja ni saa 60. Kwa mihula sita ya shahada ya miaka mitatu, unapata saa 360. Vituo vinavyofundisha Kifaransa hukadiria kwamba anayeanza sifuri huhitaji saa 560 hadi 650 ili afike B2, ngazi ya nne kati ya sita katika mfumo wa Baraza la Ulaya. Hapo ndipo mwajiri anapoanza kukuamini na barua au mkutano. Chini ya hapo unaweza kuagiza chakula na kuuliza njia.

Kwa Kichina na Kiarabu pengo ni kubwa zaidi. Taasisi inayowafunza wanadiplomasia wa Marekani huwapangia wanafunzi wake wiki 30 za Kifaransa, wiki 36 za Kijerumani, na wiki 88, yaani saa 2,200 za darasani, kwa Kichina, Kiarabu, Kijapani na Kikorea. Hao ni wasemaji wa Kiingereza wanaolipwa mshahara ili wasome kutwa. (Kiswahili wamekipa wiki 36, sawa na Kijerumani, kwa hiyo wanaodai ni lugha ya kujifunza wikendi mbili wawaulize wanadiplomasia hao.)

Ndiyo maana yupo mhitimu wa Kifaransa mwenye GPA ya kujivunia ambaye simu ikilia kutoka Kinshasa anamkabidhi mwenzake. Chuo hakikumdanganya. Kilimpa saa 360, naye hakutafuta zilizobaki. Hata ukichukua kozi mbili kwa muhula, ukawa na saa 720 kwenye karatasi, sehemu nzuri ya hizo huenda kwenye isimu, historia ya fasihi na nadharia za tafsiri, tena mara nyingi zikifundishwa kwa Kiingereza.

Je, chuo kina faida gani ambayo darasa la jioni halina? Kinakupa miaka mitatu mfululizo ambayo hakuna atakayekuuliza kwa nini unasoma. Kinakupa mhadhiri anayesahihisha insha zako kwa kalamu nyekundu, jambo ambalo ukilitafuta mtaani utalilipia kwa saa. Kinakupa sarufi iliyopangika, mazoezi ya tafsiri, na milango ya ufadhili inayofunguka kwa mwanafunzi tu. Mwisho kinakupa shahada. Kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, kinamtambua mfasiri kwa njia tatu: awe na shahada ya tafsiri, au awe na shahada ya fani nyingine pamoja na miaka miwili ya kazi ya kutwa, au awe na miaka mitano ya kazi bila shahada. Kampuni za tafsiri za Ulaya huuliza hilo kabla ya kukutumia ukurasa wa kwanza.

Chagua lugha kwa kuangalia kazi iko wapi

Kipimo chetu ni rahisi: taja waajiri watatu unaoweza kuwafikia kwa basi wanaohitaji lugha hiyo. Ukikwama kwenye wa pili, lugha hiyo unaipenda tu. Hakuna ubaya, ila usiitegemee peke yake kulipa kodi ya nyumba.

Kwa Afrika Mashariki, Kifaransa ndicho chenye orodha ndefu. Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo ikafuata mwaka 2022, na Jumuiya imekubali Kifaransa na Kiswahili vikae kando ya Kiingereza katika lugha zake rasmi. Arusha kuna makao makuu ya Jumuiya yenyewe na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na ya Watu. Mji huohuo ulikuwa na mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyofanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa hadi ilipofungwa mwaka 2015. Nairobi kuna ofisi za Umoja wa Mataifa za Gigiri, moja ya vituo vyake vinne vikuu duniani.

Soko ambalo wanafunzi hulisahau ni la mizigo. Bandari ya Dar es Salaam hupitisha shehena nyingi ya Kongo. Dereva wa lori akifika Lubumbashi ataelewana na watu sokoni kwa Kiswahili, lakini karatasi alizobeba zitasomwa kwa Kifaransa: *la facture* (ankara), *le connaissement* (hati ya shehena), *le certificat d'origine* (cheti cha asili ya bidhaa). Wakala wa forodha mwenye kijana anayeweza kuandika barua safi ya Kifaransa kudai kontena lililokwama hamwachi aondoke kirahisi. Kazi hii haitangazwi kwenye mbao za chuo. Unaifuata kwa miguu.

Kichina kina kazi nyingi za miradi: barabara, reli, viwanda, maghala ya Kariakoo. Taasisi za Confucius zipo Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 2005, na Dar es Salaam na Dodoma tangu 2013, hivyo walimu si shida. Shida ni kwamba mkalimani wa mradi husimama kati ya mhandisi na fundi, na neno linalohitajika pale ni nondo, zege, kina cha msingi, malipo ya saa za ziada. Vitabu vya darasani vinakufundisha kumsifu mpishi wa maandazi ya mvuke. Kusanya msamiati wa ujenzi mwenyewe kuanzia mwaka wa pili.

Kijerumani kina thamani kubwa kikiunganishwa na ufundi au uuguzi. Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji wa kazi Septemba 2024, na muuguzi kutoka nje kwa kawaida hutakiwa kuwa na B2 ili asajiliwe huko. Mwanafunzi wa uuguzi anayesoma Kijerumani pembeni ana nafasi nzuri kuliko mwenye shahada ya Kijerumani pekee. Kiarabu kinawafaa wanaotazama Oman na Ghuba, benki za Kiislamu na tafsiri za sheria, kwa sharti kwamba ujifunze mbili kwa pamoja: Kiarabu sanifu cha kuandika na lahaja moja ya kuzungumza. Mhitimu wa sanifu tupu akitua Muscat atafahamika, ila atasikika kama anayesoma taarifa ya habari. Kiitaliano cha Malindi, Watamu na Zanzibar kina pesa ya utalii, lakini hakihitaji shahada. Kozi ya miezi minane na msimu mmoja hotelini vinatosha.

Iambatanishe na fani nyingine

Lugha peke yake inauzwa kama ualimu, tafsiri au ukalimani. Ikiwa hakuna hata kimoja unachokitaka kati ya hivyo vitatu, fani nyingine iwe ndiyo mguu wa kwanza: ununuzi na ugavi, sheria, utalii, uhasibu, uhusiano wa kimataifa. Kozi za lugha zichukuliwe kama za hiari kila muhula, bila kuruka hata mmoja. Muhula mmoja uliorukwa mwaka wa pili huharibu zaidi ya unavyodhani, kwa sababu ndio wakati maneno ya mwaka wa kwanza yanapotaka kutulia.

Kwa anayetaka ualimu, somo la pili ni la lazima kwa vitendo hata pale ambapo si la lazima kwa kanuni. Shule nyingi hazina vipindi vya Kifaransa vya kutosha kumlipa mwalimu mzima. Anayeweza pia kufundisha Kiswahili, Historia au Jiografia ndiye anayechukuliwa.

Kabla hujakubali nafasi, nenda idarani ukaulize haya, na majibu yaandike:

- Kozi inaanza sifuri, au inadhani umesoma lugha hii sekondari?
- Wanaoanza sifuri na waliotoka KLF (mchepuo wa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa) wanakaa darasa moja?
- Saa ngapi kwa wiki ni za lugha yenyewe, na ngapi ni za isimu na fasihi?
- Mwaka wa tatu, mihadhara hutolewa kwa lugha gani?
- Kuna mtihani wa kuzungumza kila muhula, na una alama ngapi?
- Idara ina mkataba na chuo cha nje, na mwaka jana wanafunzi wangapi walienda?

Swali la pili ndilo lenye sumu. Darasa likichanganya wanaoanza na waliokwisha kusoma miaka sita, mhadhiri hufundisha katikati: wa juu wanasinzia, wa chini wanakariri ili wasipate sapu (mtihani wa marudio). Ukijikuta wa chini, lipia kozi ya wanaoanza ya miezi miwili au mitatu kabla chuo hakijafunguliwa. Alliance Française zipo Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa, na Goethe-Institut zipo Dar es Salaam na Nairobi. Ngazi ya A1, ya kwanza kati ya zile sita, ukiimaliza kabla ya wiki ya kwanza, miaka mitatu yote itabadilika sura.

Swali la mwisho lisiishie kwenye "mkataba upo". Mikataba ya kwenye makabati ni mingi.

Saa zilizobaki zitoke wapi

Lugha haidesiki, yaani huipati kwa kukariri notisi za wenzako. Desa la mwaka jana litakuvusha kwenye isimu, halitakuvusha kwenye simu ya Kinshasa. Kwa Kifaransa au Kijerumani, panga saa nane nje ya darasa kila wiki ya muhula. Mihula sita itakupa saa 720 juu ya zile 360. Kwa Kichina au Kiarabu, panga 12 na usiache likizo ndefu ipite bure. Saa nane zinaweza kugawanywa hivi.

Saa mbili na nusu ni za kadi za msamiati, dakika 20 hadi 25 kila siku, Jumapili ikiwemo. Tumia programu ya kurudia kwa vipindi kama Anki, ambayo ni bure kwenye kompyuta na simu za Android. Weka kadi mpya 10 kwa siku, siku tano kwa wiki. Kwa wiki 15 ni kadi 750, kwa mihula sita ni 4,500, na hizo zinatosha kusoma gazeti bila kuchechemea. Wengi huvunjikia hapa: siku ya kwanza mtu ana hamu, anaweka kadi 50. Kila kadi mpya huzaa mapitio ya siku zijazo, na kadi 10 kwa siku zikishakolea huleta mapitio kati ya 70 na 100 kila siku. Kadi 50 zitakudai mamia kila asubuhi. Wiki ya tatu utaifuta programu. Kosa la pili ni kupakua kadi za watu wengine. Tengeneza zako, kila kadi iwe na sentensi nzima uliyoikuta darasani au kwenye habari, na nomino ibebe kibainishi chake: *la table*, *das Haus*. Sisi tuliokulia kwenye ngeli hatuogopi upatanisho wa kisarufi. Tunachokosa ni kujua nomino ipi ni ya kundi gani, na hilo halina njia ya mkato.

Saa mbili na nusu nyingine ni za kusikiliza. RFI ina taarifa ya habari ya kila siku kwa Kifaransa chepesi, ya dakika 10. DW ina habari za Kijerumani zinazosomwa polepole, na maandishi yake huwekwa pamoja. Sikiliza mara ya kwanza bila maandishi na uandike ulichoelewa kwa mistari mitatu. Mara ya pili fuata kwa maandishi na upigie mstari ulichokosa. Mara ya tatu sikiliza tena bila maandishi. Dakika 10 za sauti huchukua dakika 30 hadi 40 za kazi, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kuacha redio ikiimba huku unapika wali hakuhesabiki.

Saa moja na nusu ni ya kuandika: ukurasa mmoja kwa wiki, maneno 200 hadi 250, kwa mkono. Mpelekee mhadhiri au mwalimu msaidizi, kisha uandike upya nakala safi baada ya masahihisho. Wanafunzi wengi husoma alama, hukunja karatasi na kuiweka kwenye begi. Nakala ya pili ndiyo inayofundisha. Programu za akili mnemba zinaweza kukuonyesha makosa usiku wa manane wakati hakuna mwalimu, lakini andika kwanza kwa kichwa chako ndipo uulize. Anayeanza na programu anaishia kuwa mpiga chapa wake.

Saa moja na nusu zilizobaki ni za kuzungumza na mtu, na ndizo ngumu kupata. Usitafute Mfaransa. Kwenye vyuo vya Dar, Nairobi, Kampala na Kigali kuna wanafunzi Warundi, Wakongo na Wakomoro wanaotaka Kiingereza au Kiswahili sanifu: badilishaneni, dakika 45 zako na 45 zake, siku mbili tofauti ili lugha zisichanganyike. Tatizo linalojitokeza kila mara ni kwamba Mkongo wa Bukavu na Mtanzania wote wana Kiswahili, na baada ya dakika tano mazungumzo yanateleza huko. Wekeni saa mezani na adhabu ya chai.

Ulimi wetu unapokwama

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tunaubeba mkazo huo kila tuendako. Kifaransa hukaza silabi ya mwisho ya kundi zima la maneno. Soma sentensi kwa kunong'ona, kisha kwa sauti, ukisukuma nguvu mwisho tu. Siku kumi za zoezi hili husikika mara moja. Sauti ya *u* ya Kifaransa na *ü* ya Kijerumani haimo kwetu: tamka "i" ndefu, halafu bila kusogeza ulimi viringisha midomo kama unatamka "u". Anayeshindwa kutofautisha *dessus* na *dessous* atapanga mzigo juu badala ya chini.

Kijerumani kinarundika konsonanti, nasi tunapenda kuzichomekea irabu. Neno *Herbst* lina irabu moja tu. Anza na mwisho: *st*, *bst*, *erbst*, kisha neno zima.

Kichina kina toni nne na silabi isiyo na toni, na Kiswahili si lugha ya toni. Kujifunza toni moja moja kunadanganya, kwa sababu mtu haongei kwa silabi moja. Fanya jozi: toni nne mara nne ni jozi 16, kila jozi maneno matano, rekodi sauti yako na uilinganishe na ya mzawa. Toni ya pili na ya tatu ndizo zinazochanganywa zaidi. Upande wa konsonanti, watu wa pwani wana bahati: anayetofautisha kwa pumzi paa la nyumba na paa wa porini tayari anajua tofauti ya *b* na *p* za Kichina. Wa bara aweke karatasi mbele ya midomo. Ikitikisika, pumzi imetoka.

Kwa Kiarabu, tahadhari iko kwenye maneno tunayodhani tunayajua. Kiswahili kimezilainisha sauti zake: ha mbili zimekuwa moja, ain imepotea, sad imekuwa sin. Ukisoma neno la Kiarabu kwa matamshi ya Kiswahili, unaweza kusema neno lingine kabisa. Jifunze kila neno kama geni, hata kama bibi yako analitumia.

Cheti cha nje, na wakati wa kukifanya

Mwajiri wa Geneva hajui A ya chuo chako ina uzito gani. Anajua B2. Kwa hiyo fanya mtihani wa nje angalau mara moja kabla hujahitimu, na wakati mzuri ni mwanzo wa mwaka wa tatu: ukishindwa una muda wa kurudia, ukifaulu una cheti mkononi wakati wenzako wanaanza kuandika maombi ya kazi.

DELF ya Kifaransa ina sehemu nne zenye alama 25 kila moja: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Unahitaji 50 kati ya 100, na ukipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote umeshindwa hata kama zingine zinang'aa. Kwa B2 unapewa saa moja kuandika hoja ya maneno 250, na nusu saa ya kujiandaa kabla ya kuzungumza dakika 20 hivi. Wanafunzi wetu huwa vizuri kwenye sarufi na kuandika, wakaanguka kwenye kusikiliza, kwa sababu baadhi ya sauti hupigwa mara moja tu. Cheti hakiishi muda. TCF, mtihani mwingine wa Kifaransa, hudumu miaka miwili, basi usiufanye kabla ya kuuhitaji.

Mtihani wa Goethe wa B1 na B2 una moduli nne, kila moja unahitaji 60 kati ya 100, na uzuri wake ni kwamba ukianguka moja unarudia hiyo tu. HSK ya Kichina, kwa mfumo wa ngazi sita, inadai maneno 1,200 ngazi ya nne na 2,500 ngazi ya tano, na kufaulu ngazi ya nne ni alama 180 kati ya 300. Angalia mambo mawili: HSK ya kawaida haipimi kuzungumza, hivyo anayetaka ukalimani afanye pia HSKK, na China ilitoa viwango vipya vya ngazi tisa mwaka 2021 vyenye maneno mengi zaidi, kwa hiyo uliza kituo chako kinatumia muundo upi siku utakayofanya. Kwa kuombea vyuo vya China, matokeo huhesabiwa kwa miaka miwili.

Ada ya mtihani hulipwa mapema na hairudishwi kirahisi. Boom (fedha ya mkopo wa wanafunzi) likichelewa, dirisha la usajili halitakusubiri. Weka akiba muhula mmoja kabla.

Muhula wa nje

Miezi mitano kwenye nchi ya lugha yenyewe hufanya kazi ya mwaka mzima darasani, mradi usikae na Watanzania au Wakenya wenzako chumba kimoja. Serikali ya China hutoa ufadhili wa muhula au mwaka wa lugha. Kwa masomo yanayoanza Septemba, maombi kwa kawaida hufunguliwa mapema mwaka huohuo. DAAD ya Ujerumani ina ufadhili wa kozi fupi za likizo vyuoni kwa wanaokijua Kijerumani tayari, na maombi yake hutangulia kwa miezi mingi. Kwa hiyo anza kukusanya karatasi mwaka mmoja kabla: pasipoti, transkripti, barua mbili za wahadhiri, mpango wa masomo, fomu ya afya. Barua za wahadhiri ndizo hukwamisha. Mpe mhadhiri wiki tatu, na umpe kwa maandishi kozi ulizosoma kwake na alama ulizopata, ili asiandike barua ya "namfahamu kijana huyu mwenye nidhamu".

Kabla hujaondoka, pata barua ya idara inayosema kozi zipi za huko zitahesabiwa hapa na kwa krediti ngapi. Ahadi ya mdomo ya mkuu wa idara huondoka na mkuu wa idara.

Ukikosa ufadhili, kwa Kifaransa ipo njia ya basi. Raia wa Afrika Mashariki anaingia Burundi bila viza ya kulipia, na likizo ya wiki nane Bujumbura ukijitolea kwenye shule, zahanati au shirika dogo itagharimu sehemu ndogo ya bei ya Paris. Onyo ni lilelile la Kiswahili: mitaani Buyenzi utajikuta nyumbani, Kifaransa usikisikie. Tafuta ofisi, si mtaa.

Kuingia kwenye tafsiri na ukalimani

Bidhaa yako ni jozi, na nusu ya jozi ni Kiswahili. Wahitimu wengi wana Kifaransa kizuri na Kiswahili cha maandishi kilichopauka, kwa sababu hawakukiandika tangu kidato cha sita. Soma hati rasmi za Kiswahili, na mwaka wa tatu tafsiri kurasa mbili kwa wiki kuelekea Kiswahili. Tanzania, tafsiri za kisheria na vyeti mara nyingi huhitaji ithibati ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa. Jua utaratibu wake kabla mteja hajakuuliza. Jozi ya Kifaransa na Kiswahili inatafutwa pia mbali: hospitali na mahakama za Marekani na Ulaya zinawahudumia Wakongo wengi, na kazi nyingi hufanyika kwa simu au video. Lakini Kiswahili cha Kivu na cha Katanga si cha Unguja. Sikiliza redio za huko kabla hujakubali kazi, la sivyo mgonjwa na wewe mtahitaji mkalimani wenu.

Programu za kutafsiri zimechukua kazi ya barua rahisi, na haitarudi. Kilichobaki ni kuhariri kilichotoka kwenye mashine, hati zinazohitaji mtu wa kuwajibika, na mazungumzo ya ana kwa ana. Mfasiri anayeanza hutoa maneno 2,000 hivi kwa siku yakiwa yamepitiwa. Anayeahidi 6,000 anakabidhi kazi ya mashine. Toza kwa neno la matini chanzi (ile unayoitafsiri), ili mteja ajue bei kabla hujaanza, na kwa mteja mpya chukua nusu mbele.

Ukalimani ni ufundi mwingine, na shahada ya lugha ni tiketi ya kuingilia tu. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya uzamili ya tafsiri na ukalimani, na huko ndiko unakofundishwa kazi ya kibanda (chumba kidogo ambamo mkalimani hutafsiri mkutano ukiendelea), kuandika vidokezo vya ukalimani wa kufuatana, na kusikiliza huku unazungumza. Umoja wa Afrika unatumia Kiswahili kati ya lugha zake, hivyo kibanda cha Kiswahili kipo. Ukialikwa kabla hujasoma hayo, kataa mkutano wa papo kwa papo wa kutwa nzima kama uko peke yako: wakalimani hukaa wawili na kupokezana kila dakika 20 hadi 30, kwa sababu baada ya hapo makosa huongezeka bila mwenyewe kujua. Toza kwa siku, si kwa saa. Omba hotuba na ajenda siku tatu kabla. Mwandaaji atasema hazijawa tayari, omba tena. Siku za safari zilipwe, na hilo liandikwe kwenye makubaliano kabla hujakata tiketi.